Madoa kwenye Jina la Zabibu

Walinipa kipaza sauti, nikasema "Asante, Prof," nikakirudisha. Maneno mawili. Watu wakapiga makofi ya huruma, kama wanavyompigia mtoto aliyesahau shairi, nami nikarudi kukaa nyuma ya sahani yangu ya mishikaki na ndizi za kukaanga. Ilikuwa sherehe ya kumuaga Prof Sylvestre, aliyetufundisha hesabu mwaka wa kumi, kule Gihosha, mtaa wa mlimani juu ya mji wetu, wakati wa vita. Amestaafu sasa. Nywele zimekuwa nyeupe zote, lakini bado anatafuna kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayebeba namba kichwani na hataki imwagike. Pembeni yake alikaa kijana mmoja mkaguzi wa shule, suti imembana, akimweleza kwa bidii kwamba siku hizi mwalimu wa kweli hafundishi kwa kubahatisha: anachukua matokeo ya majaribio, anayachambua swali kwa swali, mwanafunzi kwa mwanafunzi, ndipo anaamua kesho afundishe nini na amfundishe nani. "Ni njia mpya, mzee wangu," alisema. Prof akaitikia, "Ndiyo, ndiyo, mpya kabisa," kisha akanitazama juu ya bega la yule kijana akanikonyeza. Nilicheka hadi soda ikanipanda puani. Nina watoto waliopita umri niliokuwa nao mwaka ule na bado aibu haijanitoka; ulimi wangu hufunguka nikiwa nimeshika kalamu tu. Kwa hiyo haya ndiyo niliyopaswa kuyasema pale.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na daftari la siri lenye jalada la kijani, ambamo niliandika hasa mambo mawili: tulichokula, na maneno niliyosikia wengine wakisemezana. Nikilisoma leo naona kwamba vita vimo kwa ufupi sana. "Leo risasi, hatukuenda." "Leo tumeenda. Maharagwe." Darasa letu lilikuwa chumba kirefu chenye madirisha yasiyo na vioo upande wa mlimani, na kelele za huko juu tulizizoea hata tukajua zipi za kutuinamisha chini ya banki, yaani dawati, na zipi za kuendelea kunakili ubao. Tulikuwa hamsini na wanane, watatu watatu kwa banki, na kwa kweli hatukuwa darasa moja. Tulikuwepo sisi wa Buyenzi, tuliopanda kwa miguu kila asubuhi kwa sababu ya vikwazo ambavyo nchi jirani ziliiwekea yetu, mafuta ya magari yakiwa yameadimika kama asali. Walikuwepo wale ambao shule yao ya upande wa Buterere ilifungwa, na wengine waliovuka kutoka Uvira na Kiswahili cha mbio kuliko chetu. Kila mmoja alikuja na mwaka wake. Kuna aliyekuwa amesoma miezi mitatu tu mwaka uliopita, kuna aliyeruka hesabu zote za sehemu, za nusu na theluthi, na kuna mmoja, Ramadhani, mcheshi wa banki ya nyuma, aliyeapa kwamba mwalimu wake wa mwisho alifundisha sura ya kwanza mara nne kwa sababu kila shule ikifunguliwa alianza upya. "Mi sura ya kwanza nakuambia kwa moyo," alisema. "Ya pili sijawahi kuiona hata kwa mbali."

Siku ya kwanza Prof alisimama mbele na rundo la karatasi, akatuongelesha Kiswahili cha mjini, maana Kifaransa alikiweka kwa ajili ya somo lenyewe. "Mi sijui mnajua nini," alisema. "Na nyie hamujui mnajua nini. Basi leo tunafanya intero. Lakini bila pointi." Intero ni jaribio fupi, na jaribio bila pointi hatukuwahi kulisikia. Ramadhani akauliza, "Bila pointi, Prof? Sasa tunaogopa nini?" Tulifanya. Baada ya siku mbili Prof akaja na karatasi kubwa kama shuka, iliyotengenezwa kwa mifuko ya saruji iliyokung'utwa, ikapasuliwa na kubandikwa pamoja kwa uji wa muhogo, kwa kuwa karatasi nayo ilikuwa imeadimika. "Nataka mutu mwenye mwandiko mzuri na mdomo mudogo," akasema, na darasa zima likaninyooshea kidole bila kushauriana. Ndivyo nilivyopata kazi. Majina yalishuka kushoto, maswali yalipita juu, na kila mtu alipokosa swali nilimwekea doa la wino wa buluu. Aliyepata, nafasi yake ilibaki tupu. Prof alikuwa akiisimamia mikono nyuma, haangalii majina hata kidogo. Anaangalia mistari inayoshuka. "Tazama hapa," alininong'oneza siku ya kwanza, akionyesha swali la nne, lililokuwa buluu juu hadi chini kama limenyeshewa. "Hapa ndipo wiki hii inaanzia."

Tatizo ni kwamba aliibandika ukutani. Mtu asiyesoma shule zetu hataelewa. Kwetu, mwisho wa kila muhula, wazazi hukaa kwenye mabenchi uani na mkuu wa shule husoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sauti, moja baada ya jingine, na kadiri anavyoshuka ndivyo akina mama wanavyovuta mitandio usoni. Tumelelewa hivyo. Tuliitazama ile karatasi tukaona usomaji wa majina usioisha, unaosomeka kila siku, hata siku ya mvua. Prof alieleza. "Doa si lako. Doa ni langu. Linaniambia mahali ambapo mi sijafundisha." Ramadhani, mwenye madoa mengi kuliko chui, akainua mkono. "Prof, kama ni lako, mbona linakaa kwenye jina langu?" Tulicheka sote, Prof naye, na hakuna aliyetambua kwamba lile lilikuwa swali la maana kuliko yote ya mwaka ule.

Wenye doa kwenye swali moja walibaki saa sita mchana, na kwa kuwa chumba chetu kiliingiwa na darasa la alasiri, waliketi kwenye sebule ya Prof mwenyewe, hatua mia moja kutoka shuleni. Mimi nilienda kila siku kwa sababu ya kazi yangu. Naikumbuka sebule ile kuliko vyumba vingi nilivyolala: vitambaa vya kufuma kwenye kila mgongo wa kiti, redio iliyofungwa waya hadi dirishani, na mlango wa jikoni usiofunga, ambako sauti ya mkewe, Mama Nadine, ilitoka pamoja na moshi. "Sylvestre, mi nilikubali kuolewa na mwalimu. Sikukubali kuolewa na shule!" Na baada ya kusema hivyo alileta ugali wa muhogo na mboga ya lengalenga na ndagala, dagaa wa ziwani, za kukaanga, sinia moja kwa watoto kumi na wawili, akisimama juu yetu na mwiko kuhakikisha wa Uvira hawali haraka kuliko wa Buterere. Prof alifundisha kwa chochote kilichokuwa mezani. Daftari langu linasema: "Leo ndagala thelathini zimegawanywa kwa uwiano wa mbili kwa tatu. Ramadhani amekula upande wa tatu kabla hajaulizwa." Huko nje walituita watu wa madoa kwa dharau. Hawakujua kwamba chakula kilikuwa kwetu.

Rafiki yangu Zabibu hakuwa na doa hata moja, na hapo ndipo aibu yangu inapoanza. Zabibu alikaa nami banki moja, alitoka nami Buyenzi asubuhi na kurudi nami. Alisema kwa ajili yangu. Tulipofika kizuizini barabarani askari akiniuliza jina, Zabibu alijibu, "Anaitwa Mwajuma, hapendi maneno, tupite." Lakini hesabu hakuziweza, na alikuwa amekwisha kurudia mwaka mara moja, sisi tulisema amedubula. Kanuni ilikuwa wazi: ukidubula mara ya pili unatoka shule. Mwisho wa mwaka ule kulikuwa na mtihani wa taifa, na asipofaulu mwaka ungekuwa wa kudubula tena, basi. Shangazi yake, fundi wa nguo mwenye hasira fupi, alikuwa tayari amemnunulia kiti cha cherehani. "Kiti, Mwaju!" aliniambia tukishuka kilima. "Mutu ananunua kiti kabla mutihani haujafanywa! Na mi nikishona suruali, inatoka shati." Ndiyo maana hakutaka doa. "Shangazi akisikia mi ni wa kukaa kwa Prof na wale, siku ileile anatia uzi kwenye sindano." Basi kila tulipofanya intero, nilisogeza kiwiko. Sikuwa peke yangu. Katika kila banki aliyejua alisogeza kiwiko. Sijitetei, lakini nataka ieleweke: katika wiki ambazo hukujua nani atakuwepo Jumatatu, kumficha jibu mwenzako wa banki kulionekana roho mbaya kuliko dhambi yoyote iliyotajwa msikitini.

Karatasi ikaanza kuwa safi. Swali la nne likapauka, la saba likafuata, na mimi ndiye niliyekuwa nikiusafisha ule uongo kwa mwandiko wangu mzuri, kila nilipobandika kipande kipya kwa ajili ya intero mpya. Prof alianza kupiga miluzi. Aliingia darasani akasema, "Bon, sehemu tumezimaliza, sasa tunaingia milinganyo," na ubao ukajaa herufi. Kule sebuleni viti vikabaki vitupu. Siku moja tulikula watatu tu, Prof, mimi na Mama Nadine, sufuria ikiwa imejaa vilevile. "Watoto wako wako wapi?" aliuliza. Prof akasema, "Wamejua." Mama Nadine akaweka mwiko chini. "Wote? Kwa wiki tatu? We mwenyewe ulinichumbia miaka minne ndipo ukajua ninapokaa." Prof akacheka, akaongeza lengalenga. Usiku sikuandika tulichokula. Niliandika: "Ndagala zote zilikuwa zinanitazama."

Zilibaki wiki nane kabla ya mtihani. Tukishuka kwenda nyumbani nikamuuliza Zabibu, kama mchezo, nusu ukiijumlisha na theluthi unapata nini. "Mbili ya tano," akajibu palepale, akivuka mtaro, kwa uhakika wa mtu anayetaja jina la mama yake. Moja na moja mbili, mbili na tatu tano. Nikamwambia siyo. "Kwenye kopi yangu nilipata," akasema. Kweli, kwenye karatasi yake ya majibu alipata. Nilimpa mwenyewe. Nikatazama mgongo wake ukitangulia mbele yangu nikaona kile kiti. Asubuhi iliyofuata nilifika mapema, nikafungua chupa ya wino, nikamwekea Zabibu madoa saba: maswali yote niliyomsogezea kiwiko. Na kwa kuwa naandika ukweli, niseme pia kwamba kwenye jina langu sikuweka hata moja, ingawa maswali mawili nilikuwa nimekisia.

Aliyaona kabla hajaketi. "Nani alinipaka madoa?" Sauti yake ilifika hadi uani. "Prof! Leta kopi yangu! Mi nilipata yote, angalia!" Prof akafungua kabati, akatafuta, akaweka kopi ya Zabibu kando ya karatasi kubwa, akasoma huku kidole kikipita. Kweli, kopi ilikuwa safi. Akanigeukia taratibu. "Mwajuma, umekosea mustari?" Alinipa mlango wa kutokea, naye alinipa kwa upole. Ningesema ndiyo, ningefuta, tungeendelea na milinganyo, na Zabibu angebaki rafiki yangu hadi siku ya mtihani. Nilisimama. "Apana, Prof. Sikukosea," nikasema. "Kopi ni yake. Majibu ni yangu." Darasa likavuta "Eeeeh!" refu. Zabibu alinitazama kama vile banki ndiyo iliyozungumza. "We Mwaju," akasema. "Mwaka muzima hausemi. Siku unasema, unasema hiyo?"

Prof hakupaza sauti. Aliuliza kama kuna mwingine mwenye majibu ya mtu. Kule nyuma mkono wa Ramadhani ukapanda polepole. "Mi, Prof, nina ya watu wawili. Na wao wenyewe hawakukubaliana." Kicheko kikapasuka, na ndani ya kicheko mikono mingine ikapanda, kumi, ishirini, ikawa msitu. Prof akakaa kwenye ukingo wa meza akavua miwani. "Na mi nilifikiri nimekuwa mwalimu muzuri ghafla," akasema. Akaibandua karatasi. Nilidhani ataichana, akaikunja mara nne akaifungia kabatini. "Kosa la kwanza ni langu. Kazi yangu niliitundika kwenye ukuta wenu." Tangu siku hiyo ilikaa kabatini, nikaijaza mlango ukiwa umefungwa, na kando ya kila jibu tulitakiwa kuandika herufi moja: J kwa najua, K kwa nimekisia, P kwa nimepewa. P haikuwa na adhabu wala maswali. Intero ya kwanza ya namna hiyo ilirudi na P nyingi hadi Prof akasema darasa hili lina ukarimu kuliko hospitali ya wamisionari. Akafuta milinganyo ubaoni. Tukarudi kwenye sehemu.

Zabibu alihama banki. Siku tisa hakunisemesha. Alishuka kilima hatua kumi mbele yangu, asigeuke, lakini nikichelewa nyuma sana alisimama akajifanya anatoa jiwe kiatuni, na kizuizini aliwaambia askari, bila kunitazama, "Na huyo pia apite." Mchana alikaa sebuleni kwa Prof, pembe ya mbali kabisa, amekunja mikono. Siku ya kumi Prof akamuuliza nusu na theluthi. "Mbili ya tano." Prof akachukua chapati kwenye sahani. "Voilà. Umekula nusu ya hii. Nikakuongezea theluthi. Sasa unaniambia umekula mbili ya tano, na mbili ya tano ni chini ya nusu. Ni chapati gani hiyo, inapungua ukiongezewa?" Zabibu akajibu, "Chapati ya vikwazo, Prof." Mama Nadine alicheka huko jikoni hadi kitu kikaungua. Lakini Prof alikuwa ameshaikata ile chapati vipande sita, akavihesabu mbele yake: vitatu ndiyo nusu, viwili ndiyo theluthi. Zabibu akavitazama muda mrefu. Akavigusa. "Kumbe," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kisha akavila vyote vitano, kimoja kimoja, akihesabu. Kile kimoja kilichobaki alikisukuma kwenye meza hadi mbele yangu. "Kula, muchawi we."

Nimekaa katika mikutano mingi ya shule za watoto wangu tangu wakati ule, nimeonyeshwa majedwali yenye rangi, na kila mara najiuliza ni viwiko vingapi vimesogezwa ili mstari ule upande. Wiki zile saba za mwisho karatasi yetu haikuwa nzuri kuitazama. Jina la Zabibu lilikuwa na madoa, yakapungua, yakarudi, yakapungua. Siku moja aliandika jibu lisilo sahihi kabisa na kando yake J kubwa iliyopigiwa mstari, na Prof akaizungusha kopi ile darasani bila kutaja jina, akisema kwamba amesubiri mwaka mzima kupata kosa la namna hii, kosa lenye mwenyewe. Zabibu alitembea na kichwa juu hadi Buyenzi.

Mtihani ulifanyika katika shule nyingine, yeye chumba cha mbele na mimi cha nyuma, ua wote kati yetu. Nilipokuwa nikiandika nilijikuta nimesogeza kiwiko, hakuna mtu. Matokeo yalibandikwa wiki nyingi baadaye, na umati ulikuwa mkubwa hata sikuthubutu kuingia. Zabibu aliniacha pembeni, akapenya chini ya mikono ya watu, akapotea. Sikulitafuta jina langu kichwani, nililitafuta lake. Niliomba. Kisha nikamwona akirudi, mtandio umedondokea mabegani, uso hausomeki. Akanishika mikono yote miwili. "Tumepita," akasema. "Wote wawili. Mwaka wa kumi na moja, Mwaju!" Tukaruka pale barabarani kama watoto wa shule ya msingi, na mwanamke mmoja mwenye kapu la nyanya akaruka nasi bila kujua kwa nini.

Tulipotulia akaniambia pointi. Kwenye hesabu alikuwa amenipita kwa tatu. Nilifurahi, na nikaona wivu, vyote kwa pamoja, uso ukawaka. Na yeye, aliyekuwa akinisoma kuliko ubao, akauona. Akanizungushia mkono kiunoni, akanivuta tuanze kushuka.

"Usinune, mutoto. Kesho njo kwetu na daftari, nikufundishe."

Nilienda.